Mwali wa Darasa la Saba

Mliponiaga mwezi uliopita mlinipa jiko la gesi na saa ya ukutani. Jiko nimelielewa. Saa sijaielewa, maana mtu kaamshwa na kengele miaka thelathini na sita, na siku anayoachiwa mnamtia mkononi kitu kingine cha kumgongea. Lakini asanteni, nimeitundika. Rehema, mwalimu wetu wa taaluma, alinishika mkono akaniambia, "Mama, tuandikie walau kidogo, tusije tukabaki tunapapasa." Nikamkubalia. Sasa msitegemee nitawaambia lini nilipanda daraja wala nilikuwa napokea nini. Hayo yamo kwenye faili, na faili nasikia limeliwa na mchwa. Nawaandikia habari ya msichana mmoja. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na kwa ajili yake nilikuwa na donge moyoni mpaka juma lililopita.

Nilifika huku nikiwa na miaka ishirini na mitatu, natoka Tabora, sanduku la bati kichwani na barua ya kupangiwa kazi kifuani. Shule ilikuwa nyuma ya kijiji cha Mlingotini, pwani ya Bagamoyo, madarasa matatu ya bati na moja la makuti. Kengele ilikuwa rimu ya lori imening'inizwa kwa waya, inagongwa kwa bolti. Siku ile ile mwalimu mkuu akanikabidhi darasa la saba. Nilidhani kaniamini, kumbe wenzangu wote walikuwa wamelikataa.

Wanawake wa kijijini walinipokea vizuri mno. Waliniletea muhogo, dagaa, na maswali. Mume yuko wapi? Hayupo. Atakuja lini? Sina. Basi hapo wanaguna, wanatazamana, wananiongezea muhogo kama mtu mgonjwa. Mwanamke kusoma mpaka chuo, kusafiri peke yake, kupanga chumba peke yake, na hana hata mchumba! Hawakunitukana. Walinihurumia, na huruma ile ilinikera kuliko tusi.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Asha, Mzaramo wa hapo hapo, mwanamke wa kwanza kufundisha shuleni pale. Alikuwa mtu mzima, mfupi, anavaa baibui mpaka mlangoni, akiingia darasani analivua na kulikunja mara nne kama bendera. Chaki zake alizihifadhi ndani ya kopo la kahawa lenye mchele kidogo, zisinywe unyevu wa pwani. Ndiye aliyenionyesha kuwa chaki ikilia ubaoni unaivunja katikati, inanyamaza. Chuoni miaka miwili hakuna aliyeniambia hilo.

Na ndiye aliyenifundisha kusoma daftari la mahudhurio. Enzi zile aliyekuja unamtilia alama ya bluu, asiyekuja nyekundu. Mimi nikitia tu, mwisho wa mwezi najumlisha, naandika "watoro." Mwalimu Asha akaja akaweka kidole. "Vero, hebu tazama vizuri. Huyu mvulana nyekundu zake zimetawanyika kama tetekuwanga. Huyo ni mtoro, anakwenda pwani kuokota kaa. Lakini huyu msichana, bluu, bluu, bluu, kisha nyekundu zimepiga mstari mpaka mwisho wa ukurasa. Huyu si mtoro. Huyu kavunja ungo, kawekwa ndani."

Msichana mwenyewe alikuwa Sikudhani.

Nyinyi vijana wa Dar labda hamjui. Huku msichana akivunja ungo alikuwa anaitwa mwali, anawekwa chumbani nyuma ya pazia, hatoki nje, jua halimpigi, wanaume hawamwoni. Kungwi, mwanamke mzima aliyechaguliwa na ukoo, anamfunda mambo ya utu uzima. Humo anakaa miezi, wengine mwaka. Akitolewa inachezwa ngoma, na mara nyingi mume yuko tayari mlangoni. Sisemi kwa kejeli. Mengi ya humo ni ya heshima. Lakini mtihani wa darasa la saba haungoji mtu, na enzi zile ukikosa ndiyo basi.

Na Sikudhani ndiye aliyekuwa kichwa cha darasa lile. Hesabu alikuwa anafanya kwa macho. Siku moja nimejaza ubao mzima, nimejipinda kwa fahari, akanyanyua mkono polepole: "Samahani mwalimu, pale juu umesahau kubeba moja." Nikafuta ubao mzima. Msichana kama huyo kukosa mtihani wiki saba zijazo, akitoka aolewe na muuza nazi wa Bagamoyo mjini ambaye alikwisha peleka posa? Nikasema haiwezekani.

Basi hapa ndipo nilipofanya kosa langu, na kosa lenyewe nilitoka nalo Tabora. Kwetu Unyamwezini mwenye mtoto ni baba. Nikaenda kwa baba yake, Mzee Shomari, mchuuzi wa samaki, mtu mpole kabisa. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanipa kiti, akanipa maji, akasema, "Ndiyo, mwalimu. Hakuna shida. Atakuja." Nikarudi nimejaa upepo. Wiki ikapita, mstari wa nyekundu unaendelea. Nikaenda tena. "Ndiyo, mwalimu. Atakuja tu." Mara ya tatu sikwenda kwake. Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji na barua, nikasema mzazi huyu anamzuia mtoto shule. Mzee Shomari akaitwa ofisini, akakalishwa benchi tangu asubuhi mpaka alasiri, watu wanapita wanamtazama.

Jioni yake Mwalimu Asha alinijia nyumbani. Hakubisha hodi.

"Vero, nani kakutuma kwa baba?"

"Si ndiye mwenye mtoto?"

"Mwenye mtoto huku ni mjomba! Baba anasema ndiyo kwa adabu tu, hana neno juu ya mwali. Umemwaibisha mtu bure, na sasa nyumba nzima imefunga mlango. Miaka yote nimekaa na watu hawa sijapeleka hata mmoja ofisini, wewe miezi mitano tu!"

Nililia, nawaambieni kweli. Asubuhi nilikwenda kumwomba Mzee Shomari radhi. Akasema, "Yamepita, mwalimu." Mkewe, mama Sikudhani, alikuwa anatwanga. Hakuinua macho.

Mjomba alikuwa Mzee Kondo, anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Nilimkuta na sepeto, miguu myeupe kwa chumvi mpaka magotini. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akauliza mimi mtu wa wapi. Nikamwambia Mnyamwezi. Uso ukamfunguka.

"Aa, mtani wangu! Babu zako walikuja huku wamebeba pembe, wewe umekuja umebeba chaki. Lini mtaacha kubeba mizigo?"

"Siku mtakapojifunza kubeba wenyewe," nikamjibu, maana na mimi utani naujua. Akacheka mpaka akaegemea sepeto. Baada ya hapo tukasemezana kama watu. Akasema yeye hana kinyongo na mtihani, mpwa wake kusoma ni sifa yake. "Lakini mtani, mwali sasa yumo mikononi mwa kungwi. Mwanamume akitia mguu humo kajitia aibu. Nenda kwa Bi Mwantumu. Na usiende na karatasi."

Zilikuwa zimebaki wiki nne.

Bi Mwantumu nilimkuta barazani anasuka ukili. Mwanamke mrefu, mkavu, jicho moja lina mtoto wa jicho, lile zima linakutosha. Nikamwamkia, nikakaa chini mkekani, nikaanza hotuba yangu. Hata nusu sijafika akainua kiganja.

"Wewe mwanangu, umechezwa?"

"Kwetu hatuchezwi, bibi."

"Kwa hiyo hukufundwa na mtu?"

"Nilifundishwa na masista."

"Masista," akasema, akavuta ukili. "Basi wewe u mtoto bado. Mambo ya mwali siyasemi na mtoto. Nenda kwa heri."

Cheti cha ualimu ninacho, darasa la watoto arobaini na sita ninalo, na hapo naambiwa mimi mtoto. Nilitoka nimevimba. Njiani nikawa nasema peke yangu kama mwehu. Kufika nyumbani hasira imeshuka, nikajiuliza: mwanafunzi akija kwangu anataka la tano hajapita la nne, ninamwambiaje? Si namwambia akaanze la nne?

Kesho yake alasiri nikarudi. Nikakaa pale pale. Nikasema, "Bibi, nifunde."

Akanikazia lile jicho zima. Kisha akauacha ukili, na mimi nikajua amekubali kabla hajafungua mdomo.

Siku tatu, alasiri mpaka magharibi. Niliyofundwa siyaandiki, maana niliapa, na hata nisingeapa Rehema bado mdogo. Mengine yalinifaa sana baadaye, marehemu mume wangu angekuwepo angetoa ushahidi. Mengine sikuyakubali mpaka leo. Lakini nitasema hili: yule bibi asiyejua a wala be alikuwa mwalimu kuliko wakufunzi wangu wote. Anasema neno mara moja, harudii. Kesho yake kabla ya salamu anakuuliza, na ukikosea anakaa kimya mpaka ujisahihishe mwenyewe. Ule ukimya niliuiba. Mliokuwa mkijiuliza kwa nini Mama Vero akiuliza swali anasimama tu kama nguzo, basi mmejua.

Siku ya tatu, nimekwisha aga, ndipo akaniuliza mwenyewe.

"Huo mtihani wenu, unataka mdomo?"

"Hapana, bibi. Ni kuandika tu."

"Kwa hiyo mwali hasemi na mwanamume."

"Hasemi na mtu yeyote. Akisema anafukuzwa."

Hilo lilimpendeza. "Na unataka macho yatazame watu?"

"Yatazame karatasi. Akitazama watu pia anafukuzwa."

"Kumbe wana adabu," akasema. "Basi mkono tu. Mkono sikuuweka ndani."

Akatoa masharti. Mwali atakuja amefunikwa kanga gubigubi, atapitia njia ya nyuma, atakaa dawati la mwisho dirishani, akimaliza anarudi ndani hapo hapo. Na yeye kungwi lazima awepo. Hapo nikamkatalia, kwa kuwa siku ya mtihani mtu baki haruhusiwi kukaribia chumba, hata sisi walimu wa darasa tunakaa mbali. Tukabishana sana. Mwishowe akakubali kukaa penye jiko la shule, mradi auone mlango.

Siku yenyewe ikafika. Nilikuwa nimesimama ofisini, kalamu nimeishika kinyume. Nikawaona wanawake wawili wanakuja kwa nyuma ya vyoo, katikati yao kanga inayotembea. Ikaingia chumbani, Bi Mwantumu akaenda kukaa jikoni na ukili wake.

Yaliyotokea ndani waliniambia watoto baadaye. Msimamizi alikuwa mwanamume kutoka shule nyingine, anaita majina, mtu anaitika "nipo." Kufika kwa Sikudhani, kimya. Akaita tena. Kimya. Nasi tulikuwa tumefikiria njia, na kanga, na dirisha, na jiko. Kuitwa majina hatukukumbuka hata mmoja wetu! Msimamizi akashika kalamu ya kumwandika hayupo. Ndipo kutoka ndani ya kanga ukatoka mkono, ukanyooka juu. Msichana wa dawati la mbele akasema taratibu, "Ni mwali, mwalimu." Yule msimamizi, Mungu ambariki popote alipo, alikuwa mtu wa pwani. Akainamisha macho, akatia alama, akaita jina linalofuata.

Alifaulu. Alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni, mbali. Mngetegemea nifurahi, nami nilifurahi, siku moja. Kisha maneno yakaanza. Yule muuza nazi aliichukua tena posa yake akisema hataki mwali aliyetoka kabla ya ngoma. Wengine wakasema hatazaa. Mama Sikudhani akawa akikutana nami njiani anahamia upande wa pili. Na Sikudhani mwenyewe akaondoka kwenda shule bila kuniaga. Likizo akirudi hafiki kwangu. Nikimwona sokoni anageuza uso. Ndipo likaniingia wazo ambalo halikutoka tena: nilimwuliza baba, nikamwuliza mjomba, nikamwuliza kungwi. Yule mtoto mwenyewe sikumwuliza hata siku moja. Je, alitaka? Au nilimburuta kutoka chumbani kwake, nikamvunjia posa na ngoma yake, kwa sababu mimi nilitaka afaulu mtu kutoka darasa langu?

Kazi iliendelea. Mwaka uliofuata nilimwona Bi Mwantumu anaingia kiwanja cha shule kweupe, mkononi kipande cha mkaa. "Mtihani tarehe ngapi? Nina wali wawili, nataka nijue niwaingize lini." Nikamwambia, akachora ukutani mwa jiko mistari ya wiki, na wale wawili hawakuwekwa ndani mpaka walipoweka kalamu chini. Makungwi wenzake wakamfuata. Miaka michache baadaye huku ikawa desturi, mtihani kwanza, ndani baadaye, kisha ndani yenyewe ikawa likizo moja tu. Sifa walinipa mimi. Siku hiyo hiyo ninayopewa sifa nakumbuka uso unaogeuka sokoni.

Wengine nilishindwa, msidhani. Yupo aliyepelekwa Saadani kuolewa Ijumaa, nami habari nikaipata Jumatatu. Yupo niliyekwenda kwa mjomba, kwa kungwi, kwa shangazi, nikazunguka kote kwa adabu zote, na mtihani ukapita. Lakini tangu Sikudhani kila mmoja wao nilimwuliza mwenyewe kwanza, hata kama ni kwa kumpenyezea neno nyuma ya pazia. Rehema umewahi kunicheka kwa hilo, kwamba namhoji mtoto kama hakimu. Sababu ndiyo hiyo.

Sasa juma lililopita. Niko uani nachambua mchele, nasikia hodi. Mwanamke mtu mzima, mtandio wa rangi ya maziwa, viatu vya ofisini vimejaa mchanga. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitika marahaba kabla sijamjua. Kisha nikamjua, mchele ukanimwagika. Yuko Tanga siku hizi, afisa katika mambo ya uvuvi, ana watoto watatu, kwa hiyo wale wa hatazaa wakapumzike. Kaja arobaini ya Bi Mwantumu.

Tukakaa. Nilitaka kuuliza habari za watoto, likatoka lile lingine. Nikamwambia, "Sikudhani, naomba unisamehe. Nilikutoa ndani bila kukuuliza. Kama hukutaka, niambie tu, nastahili kusikia."

Akanitazama kama niliyesema Kichina. "Mwalimu, ndiyo unayoyawaza miaka yote hii?"

"Uliondoka hukuniaga. Ukawa unanigeuzia uso."

Akaweka mkono mdomoni. Kisha akaanza kucheka, machozi yakimtoka, na mimi nimeshika ungo sijui nicheke au nilie.

"Siku ile ya kwanza ulipokuja kwa baba mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nasikia yote. Nikasikia baba anasema ndiyo, nikajua siendi. Usiku ule ule nilimwambia somo yangu, Bi Mwantumu: siku ya mtihani ikifika na mimi nimo humu, nitatoka mwenyewe, kichwa wazi, mchana, nipite sokoni, na aibu itakuwa yako uliyeshindwa kunifunda. Akanipiga kofi. Nikarudia. Kila siku akiingia namrudia hayo hayo. Alikuwa ananiogopa, mwalimu! Anatafuta tu mlango wa kunitolea asionekane kashindwa na mtoto. Ulipomwambia akufunde, alikuja chumbani akaketi kitandani akasema, 'Alhamdulillahi, yule Mnyamwezi kaniletea mlango.'"

"Na wewe ukanificha!"

"Aliniapisha. Nisimwambie mtu mpaka azikwe. Nami nikikuona tu nacheka, sasa nitakusalimu vipi? Ndiyo maana nikawa nageuza uso."

"Na posa?"

"Yule muuza nazi?" Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mwalimu, mimi nilimwona kwa tundu la pazia siku alipoileta. Ningefeli kwa makusudi kama ingekuwa lazima nifaulu ndipo nimpate."

Tukala wali wa mchele ule niliouokota mchangani, una mawe, hatukujali. Alipoondoka nilikaa uani mpaka adhana ya magharibi, nikivuta pumzi tu. Miaka yote hiyo nimejiona mimi niliyemtoa Sikudhani ndani, nikajisifu, nikajilaumu. Kumbe mtoto wa miaka kumi na minne, amekaa kitandani, haruhusiwi kusema na mtu, alikuwa amekwisha jitoa, na sisi watu wazima wote, baba, mjomba, kungwi na mwalimu, tulikuwa tunamfungulia njia tu.